Zabuni ya Mkate wa Santa Rufina

SEHEMU YA TISA

Mlango ulifungwa usoni mwa Nila, na komeo likalia kwa ndani.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Leonila Magbanua, mjane muoka mikate, kasimama kwenye ngazi za ukumbi wa manispaa ya Santa Rufina, bahasha ya zabuni kaikumbatia kifuani. Ndani ya bahasha ile yalikuwamo majina ya waokaji wote wadogo wa mji, waliojiunga ili nao waombe kazi ya kuoka mkate wa watoto wa shule. Saa nne sanduku la zabuni linafungwa. Na saa nne ilikuwa inakaribia.

"Afande, fungua!" Nila aliupiga mlango kwa kiganja. "Leo ni siku ya zabuni!"

"Mama, nimeshakwambia, hapa hakuna zabuni." Sauti ya mlinzi ilitokea nyuma ya mbao. "Ukumbi unapakwa rangi. Nenda nyumbani."

"Zabuni imehamia wapi?"

Nyuma ya mbao viatu vilirudi hatua moja.

"Afande! Nakuuliza wewe!"

"Mama, usinitafutie matatizo. Nina watoto."

Dalisay, aliyekuwa nyuma yake, alivuta pumzi kwa pua, mara moja, mara mbili.

"Manang Nila," alisema, kwa lile neno la huku la kumwita dada mkubwa, "unasikia harufu ya rangi?"

Nila akanusa. "Hapana."

"Hata mimi."

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, Dalisay Pangilinan ni yule mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyekuwa karani wa manunuzi katika ofisi ya mkoa. Alichoka kuona kampuni zile zile zikipewa kazi zile zile kila mwaka. Akaacha kazi. Sasa anazunguka miji midogo ya kisiwa kizima akiwafundisha washonaji, maseremala na waokaji namna ya kuzigombea kazi za serikali. Wengine humwita mwalimu. Wanaouza bidhaa kwa serikali humwita jina jingine, ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Wameihamisha," alisema Dalisay. "Wameihamisha kimyakimya ili tusiwepo."

"Sasa tutaipata wapi?"

"Tumtafute Villacruz. Alipo yeye, zabuni ipo."

Rogaciano Villacruz! Nani asiyemjua? Ndiye anayeleta mkate wa shule miaka yote, kutoka kiwandani kwake mjini, kwa lori. Mkate huo ukifika Santa Rufina unagonga mezani kama kokoto, na msimu wa mvua unakuja na ukungu wa kijani. Watoto huwapa mbwa. Mbwa wa Santa Rufina nao wamejifunza kukataa.

Nila aliteremka ngazi mbio, akamsimamisha dereva wa bajaji aliyekuwa anakunywa kahawa kwenye kikombe cha plastiki.

"Umeliona gari jeupe la Villacruz?"

"Manang, si lile pale kituo cha zimamoto? Nimepishana nalo sasa hivi. Amevaa shati jipya la barong, ungedhani anakwenda kuoa."

"Tupeleke."

"Kahawa yangu je?"

"Nitakuokea kifungua kinywa mwezi mzima. Endesha!"

* * *

Kituo cha zimamoto cha Santa Rufina kina gari moja jekundu. Nyuma ya gari hilo, mahali ambapo askari huanika mipira ya maji, zilikuwa zimepangwa meza na viti. Wajumbe wa kamati ya zabuni walikuwa wamekaa. Villacruz alikuwa amekaa. Na Mwenyekiti Tranquilino alikuwa ameweka mkono juu ya kifuniko cha sanduku, tayari kulifunga.

"Simama hapo hapo!" Nila alipaza sauti.

Askari mmoja wa zimamoto alishtuka, akashika ndoo. Alidhani ni moto.

"Mmechelewa," alisema Mwenyekiti bila kuinua macho.

"Kengele ya kanisa ya saa nne haijalia," alijibu Dalisay. "Tena tangazo lilisema ukumbi wa manispaa. Huku mmehamia kwa ruhusa ya nani?"

"Tulibandika karatasi mlangoni."

"Mlango upi? Sisi tumetoka kuukumbatia mlango huo sasa hivi. Labda karatasi yenu iliona aibu, ikajificha."

Askari wa zimamoto wakacheka. Villacruz hakucheka. Aliinama, akamnong'oneza Mwenyekiti. Mwenyekiti akaanza kusukuma kifuniko.

"Tranquilino."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha pembeni. Maestra Eufemia, mwalimu mstaafu, alikuwa pale kwa niaba ya wazazi. Sheria inataka mtu wa nje ashuhudie zabuni ikifunguliwa, na kamati ilikuwa imemchagua yeye kwa sababu ni mzee na husinzia. Leo hakuwa amesinzia.

"Naam, Maestra."

"Ondoa mkono kwenye sanduku. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma saa. Ile ya ukutani inasema nini?"

Mwenyekiti aliitazama saa. Masikio yake yakawa mekundu.

"Bado kidogo, Maestra."

"Basi ondoa mkono."

Aliondoa. Nila alipita katikati ya viti, akaitumbukiza bahasha. Alipogeuka kurudi, kengele ya kanisa ikaanza kulia.

Villacruz aliegemea kiti chake, akatabasamu. Msomaji, ningekuwa Nila, tabasamu lile lingeninyima raha.

* * *

Bahasha zilifunguliwa mbele ya watu wote. Ya kwanza ilikuwa ya Villacruz. Bei ikasomwa. Ya pili ilikuwa ya Muungano wa Waokaji wa Santa Rufina. Bei ikasomwa.

Mjumbe aliyekuwa anasoma alisita. Akasoma tena, polepole.

Bei ya waokaji ilikuwa chini!

Huko nyuma askari wa zimamoto walipiga makofi mpaka mkuu wao akawakaripia. Nila alimshika Dalisay mkono, akaubana hasa.

"Usifurahi bado," Dalisay alinong'ona. "Sasa ndio wataanza."

Na kweli wakaanza.

"Bei hata kuku anaweza kuandika!" Villacruz alisimama, akanyoosha barong yake. "Mwenyekiti, hawa wanauza mkate wa kunywea kahawa. Asubuhi mtu ananunua wa kujaza mfuko wa karatasi, basi. Shule zote za wilaya watazilisha na nini? Na kelele?"

"Lipo sharti," alisema Mwenyekiti, na sasa sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Mwombaji awe amewahi kuimaliza kazi ya serikali inayokaribiana na hii kwa ukubwa. Mama Magbanua, ninyi mmewahi?"

Hilo ndilo jiwe linalowaangusha wadogo wote. Huwezi kupewa kazi kubwa mpaka uwe umeshapewa kazi kubwa. Villacruz alishakaa, miguu kaikunja, anasubiri kusikia neno "hapana".

Lakini wasomaji wa tangu mwanzo mtakumbuka swali ambalo Dalisay aliwauliza waokaji siku ya kwanza, jikoni kwa Nila: serikali imewahi kula mkate wenu? Walimcheka. Kisha mmoja akasema, labda wakati wa kimbunga. Dalisay akaondoka siku ile ile kwenda mkoani, akarudi na uthibitisho.

"Tumewahi," alisema Nila.

Villacruz akakunjua miguu.

"Kimbunga kilipopita, mkoa ulituagiza mkate wa watu waliolala mashuleni. Tulioka paa zikiwa hazipo. Tuliyafunika matanuri kwa maturubai, tukaoka usiku na mchana mpaka maji yakashuka. Uthibitisho wa mkoa umo ndani ya bahasha hiyo hiyo, upo mbele yako."

"Ule ulikuwa msaada!" Villacruz alipiga kelele. "Ile si biashara!"

"Msaada?" Nila alimgeukia. Sauti yake haikupanda. "Tuliagizwa, tukaoka, tukapeleka, tukalipwa baadaye sana. Mume wangu Berto ndiye aliyekuwa anapeleka. Mto ulikuwa umefurika, akawa anavuka maji yanamfika kifuani, mkate kauweka kichwani. Yale maji machafu yakampa homa. Alizikwa mkate bado unaokwa, kwa sababu watu walikuwa bado wana njaa. Mtu amekufa akiimaliza kazi hiyo, Mwenyekiti. Ukubwa gani mwingine unautaka?"

Askari mmoja alivua kofia.

"Mimi niliula," alisema Maestra Eufemia. "Nililala sakafuni, darasa la tatu. Na wewe, Tranquilino, mkeka wako ulikuwa wa pili kutoka wangu. Uliomba uongezewe."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akafuta macho, akajifanya ni vumbi.

"Sharti limetimizwa," Mwenyekiti alisema kwa shida.

Hapo ndipo Villacruz alipocheza karata yake.

"Muungano gani huo mnaoupa kazi?" Aliuliza taratibu, karibu kwa huruma. "Umeshavunjika. Mmoja wao amejitoa jana, tena mwenye tanuri kubwa kuliko yote. Bila yeye hawa hawalishi hata shule moja. Teryo! Njoo, usijifiche."

Kutoka nyuma ya gari jekundu alitokea mwanamume mrefu, mabega yameinama, kofia kaikunja mkononi.

Nila alimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa Teryo. Mdogo wake Berto. Shemeji yake mwenyewe!

"Shemeji?"

Teryo hakumtazama.

"Tanuri lake limejengwa kwenye ardhi yangu," Villacruz aliwaeleza wajumbe. "Tumeongea kiungwana, tumeelewana. Waambie, Teryo. Usiogope."

Teryo alikohoa. Akaangalia kofia yake. Akakohoa tena.

"Ni kweli. Jana alikuja kwangu. Akasema nijitoe, la sivyo niihame ardhi yake. Nikamwambia sawa."

Dalisay alifumba macho.

"Mmesikia!" alisema Villacruz.

"Sijamaliza, bosi." Teryo aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Mke wangu Sabel alisikia yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alinipa wali na samaki mkavu, akalala. Leo asubuhi naamka, namkuta anakanda unga wa kujaza tanuri zima. Nikamwambia, mke wangu, unakanda wa nini, nasi tumeshajitoa? Akaniambia, wewe ndiye umejitoa, mimi sijajitoa."

Mtu alicheka huko nyuma, kisha wawili, kisha kituo kizima.

"Sasa nirudi nyumbani nikamwambie nini mwanamke yule?" Teryo aliuliza, na yeye hakuwa anacheka. "Kaka yangu alivuka mto na mkate kichwani. Mimi nimeshindwa kuvuka kizingiti cha mlango wangu. Mwenyekiti, lile la jana nalifuta. Sijitoi."

"Teryo." Villacruz alimsogelea, nyuso zikakaribiana. "Leo hii hii nakubomolea. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Utaoka wapi? Kwenye sufuria?"

"Ikibidi. Bomoa, bosi. Jina langu halitoki kwenye ile karatasi."

Villacruz alitoa simu, akatoka nje bila kuaga mtu.

Maestra Eufemia aligonga fimbo yake sakafuni. "Tranquilino, tunasubiri. Nani ameshinda?"

Mwenyekiti alimumunya maneno.

"Sema kwa sauti, kama mtoto aliyesoma."

"Muungano wa Waokaji wa Santa Rufina," alisema Mwenyekiti. "Kwa sharti kwamba kamati ikague matanuri yao kesho asubuhi, yakiwa yanafanya kazi. Yote waliyoyaandika. Likikosekana moja, kazi inarudi kwa mshindi wa pili."

Yote. Likikosekana moja.

* * *

Nje jua lilikuwa kali. Teryo alisimama kando ya mtaro, anaikunja na kuikunjua kofia yake.

"Kwa nini hukuniambia?" Nila alimuuliza.

"Niliona aibu, Manang. Wewe ungekataa papo hapo. Mimi nikakubali."

"Na leo?"

"Leo nina hofu zaidi kuliko jana."

Nila alimpiga bega, si kwa upole. "Afadhali. Hata mimi naogopa. Panda bajaji, twende."

Hawakufika mbali. Mtaa mmoja tu kabla ya nyumba ya Teryo waliliona vumbi la matofali likipanda juu ya mapaa. Kisha wakasikia nyundo.

Teryo aliruka bajaji ikiwa bado inakwenda.

Alichokiona kilimsimamisha. Wanaume wanne wenye nyundo kubwa walikuwa wamezunguka tanuri alilolijenga yeye na Berto kwa mikono yao. Ubavu wa kushoto ulikuwa umelala chini. Mlango wa chuma ulikuwa umepinda, umetupwa kwenye majani. Kuba lilikuwa bado limesimama, kwa sababu mbele ya kuba alisimama Sabel, mwanamke mnene mwenye aproni, upawa mrefu wa kutolea mkate kaushika kwa mikono miwili.

"Mama, sogea pembeni," msimamizi wao alikuwa anabembeleza. "Sisi tumetumwa tu."

"Mimi sikutumwa. Mimi nimeolewa hapa. Atakayenyanyua nyundo tena, upawa huu unatua kichwani kwake."

"Mama, jamani..."

"Jamani nini? Wewe si mtoto wa Ising wa pale sokoni? Mama yako anajua unavunja matanuri ya watu?"

Msimamizi aliangalia chini.

Dalisay alikuwa ameshafika, anahema, miwani imemteremka puani. "Amri ya mahakama iko wapi?"

"Amri gani?"

"Ya kubomoa. Ardhi iwe ya nani, huwezi kumbomolea mtu bila amri ya mahakama. Huna? Basi hiyo nyundo si ya Villacruz tena, ni ya kwako. Na kesi ni ya kwako. Yeye yuko ndani ya gari lenye kiyoyozi, wewe ndiye uliyeonekana na mtaa mzima."

Msimamizi aligeuka. Ni kweli, mtaa mzima ulikuwa umesimama kwenye ua. Waokaji wengine walikuwa wanaingia mmoja mmoja, unga bado uko mikononi. Walimtazama tu.

Msimamizi alibeba nyundo yake begani. "Twendeni," aliwaambia wenzake. "Kwa hela hii? Twendeni zetu."

Walipotoka getini, Sabel aliketi chini juu ya matofali na kuanza kulia. Teryo akakaa kando yake. Akaokota kipande cha tofali, akakifuta vumbi.

"Sikujitoa," alimwambia.

Sabel alimtazama kwa macho ya machozi. "Najua. Ndiyo maana wamekuja."

Nila alilizunguka tanuri. Kuba zima. Sakafu nzima. Bomba la moshi zima. Ubavu hakuna. Alivua saa yake, akaitia mfukoni, akapandisha mikono ya blauzi.

"Matofali yasiyovunjika, huku. Yaliyovunjika, kule. Udongo wa kugandishia tunachimba nyuma ya kisima. Tuna leo nzima mpaka kesho asubuhi. Asiyebeba asimame kando."

Hakuna aliyesimama kando. Walijipanga mstari, matofali yakaanza kupita mkono kwa mkono. Mwanamke wa jirani akaleta ndoo za maji. Dereva wa bajaji akavua shati, akaingia kwenye udongo kwa miguu, anaukanyaga na kuimba wimbo wa mapenzi kwa sauti mbaya sana. Ubavu ukaanza kupanda, umepinda, umejaa mianya, lakini unapanda.

Simu ya Dalisay ikalia.

Aliisikiliza mpaka mwisho. Nila aliuacha mstari, akamsogelea.

"Nani?"

"Maestra Eufemia." Dalisay alishusha simu. "Ukaguzi si kesho. Villacruz ameiambia kamati kwamba kesho ana safari, naye anataka kuushuhudia ukaguzi kwa macho yake, na Mwenyekiti amekubali. Wamepanda gari lake, wote. Maestra amelazimisha apande nao. Wanakuja sasa hivi, na wanaanzia hapa."

Mstari wa matofali ukasimama. Dereva wa bajaji akaacha kuimba.

"Udongo haujakauka," mtu alisema. "Tukiwasha, ubavu utaanguka."

"Tusipowasha, wataandika kwamba tanuri halifanyi kazi," alisema Dalisay. "Tumekwisha."

Wote walimgeukia Nila. Alikuwa na tope mpaka viwikoni, tofali mkononi. Aliutazama ubavu mbichi. Aliitazama barabara.

"Waje," alisema.

"Manang..."

"Waje! Sabel, unga wako umeumuka?"

Sabel alijifuta uso kwa aproni, akasimama. "Umeumuka mpaka unatoka beseni."

"Kata. Panga kwenye trei. Teryo, washa."

"Shemeji, likianguka mbele yao?"

"Likianguka tutalishikilia kwa migongo yetu. Washa moto!"

Teryo alipiga magoti, akaingiza kuni na makumbi makavu ya nazi, akawasha kiberiti. Moto ulishika. Moshi ulipenya kwenye kila mwanya wa ubavu, ukazidi, ukawafanya wote wakohoe, kisha polepole ukaanza kulipanda bomba. Tofali la chini likatoa sauti, ta!, na ufa mwembamba ukakimbia juu mpaka katikati.

Waokaji wawili wakaegemeza mabega yao ubavuni bila kuambiwa.

Sabel aliingiza trei ya kwanza ya mkate.

Na pale pale, nje ya geti, honi ya gari jeupe ikalia.